Kutoka majani hadi manjanja: paa, fundi na aliyeanguka katika Masisi na Walikale

Historia ya Masisi na Walikale imeandikwa sana upande wa bami, wa mashamba, wa uhamaji na wa vita. Upande wa paa haujaandikwa. Hata hivyo msafiri anayetoka Goma, akipita Sake na kupanda milima ya Masisi, kitu cha kwanza anachokiona kwa mbali ni manjanja: mengine yanang'aa kwa jua, mengine yameshika kutu. Akiteremka hadi ndani ya msitu wa Walikale, anakuta bado nyumba za majani ya mangungu pembeni ya manjanja mapya. Katika vizazi viwili ao vitatu paa limebadilika karibu kabisa. Pamoja nalo imebadilika pia namna ya watu kuanguka, na hasa namna ya kumshughulikia aliyeanguka. Juu ya hilo tunapenda kusema machache, maana vijana wetu wengi wanakula kwa kazi ya kuezeka, na kuna wengine ambao leo wamelala ndani na hawatasimama tena.

Tuanze na paa la wazee. Porini, kwa Banyanga, Bakano, Bakumu, Barega na Batembo, nyumba iliezekwa kwa majani ya mangungu, yale makubwa ambayo wamama wanafungia chikwange. Fito zilifungwa kwa kamba za porini, zikapishana sawa wavu, kisha majani yakapangwa kuanzia chini kwenda juu, kila mstari ukifunika kidogo ule wa chini yake, ili maji yateremke bila kupata nafasi ya kuingia. Mlimani, kwa Bahunde na kwa Banyarwanda, walitumia zaidi nyasi, na nyumba nyingine zilikuwa za msonge. Moshi wa jiko ulipita ndani ya paa kila siku, ukakausha majani na kufukuza wadudu. Tusidanganyane lakini: paa hilo lilikuwa na taabu zake. Panya walikaa humo, nyoka pia, cheche moja ya moto iliweza kumaliza kijiji, na kila baada ya miaka michache kazi ilianza upya.

Upande wa kuanguka, lakini, nyumba ile ilikuwa na huruma. Ilikuwa fupi, mtu mzima aliinama kuingia mlangoni. Anayeezeka hakusimama juu ya kitu laini. Alisimama kwenye fito zilezile, na wavu ule wa fito ulikuwa ngazi yake: kila mahali pana pa kuweka mguu, kila mahali pana pa kushika. Nyasi hazitelezi sawa chuma. Na aliyeponyoka alianguka mara nyingi juu ya lundo la majani lililokuwa linangoja kupandishwa. Aliteguka mkono, akachekwa, akarudi kazini.

Kazi yenyewe haikuwa ya kulipwa franga. Mwenye nyumba aliwaita majirani na shemeji, wanaume wakakata miti na kufunga, wengine wakaleta majani, na jioni kasiksi ikashuka. Kwa mpango huo, aliyeumia kwenye nyumba yako alikuwa mgonjwa wako. Si kwa sababu ya karatasi fulani. Ni kwa sababu alikuja kwa mwito wako, na kesho wewe utaitwa kwake. Chakula kilitoka kwako, na shamba lake lilipolala watu walewale waliokunywa kasiksi walienda kulilima.

Msomaji atauliza: basi wazee hawakujua hatari ya kuanguka? Walijua sana, ila hatari hiyo kwao haikuwa kwenye paa. Ilikuwa kwenye mti. Mvuna asali na mkata ngazi ndio walikufa kwa kuanguka ao walivunjika mgongo. (Lugha yetu ina mchezo hapa: kwetu ngazi ni matunda ya mchikichi, na katika Kiswahili cha vitabu ngazi ni kitu cha kupandia, kile ambacho ku shantiye tunaita eshele.) Mkata ngazi hapandi mikono mitupu. Ana kamba nzito ya kusokotwa, inayozunguka shina la mchikichi na kiuno chake. Anaegemea nyuma, kamba inamshika, mikono yote miwili inabaki huru kwa panga. Kabla ya kupanda anaijaribu kamba, anaivuta, anaangalia fundo. Kijana hakuruhusiwa kupanda mpaka ajue kufunga kamba hiyo. Kwa maneno mengine, mkanda wa usalama, ambao wahandisi wanatuonyesha leo ndani ya picha, babu zetu walikuwa nao. Waliutumia pale ulipohitajiwa, yaani juu ya mti. Kwenye paa fupi la majani haukuhitajiwa, na kwa hiyo desturi ya kamba haikupita kutoka kwa mkata ngazi kwenda kwa mwezekaji. Jambo hili dogo, kwa maoni yetu, ndilo linaeleza mengi ya yaliyofuata.

Manjanja yalifika pamoja na Wabelgiji. Misioni, ofisi za teritware, nyumba za makoloni wa chai, kahawa na pareto, maghala yao: hayo ndiyo mapaa ya kwanza ya chuma. Comité National du Kivu iliundwa mwaka 1928 na kugawa ardhi kwa makoloni. Kati ya 1937 na 1955 Mission d'Immigration des Banyarwanda ilileta maelfu ya watu kutoka Rwanda, wengi kufanya kazi katika mashamba hayo ya Masisi. Vijiji vilisogezwa kando ya barabara. Kisha ukaja mpango wa miaka kumi, 1949 hadi 1959, na shule na zahanati zikaongezeka. Maseremala wa kwanza wa manjanja walijifunza hapo, chini ya bwana kazi mzungu ao padri, na maneno yao ya kazi mpaka leo ni ya Kifaransa: sharpanti, sheveroni, madriye, fetiyeri.

Utawala ule ulikuwa mkali, na hatuna sababu ya kuusifu. Ila mfanyakazi wa kampuni ao wa misioni alipoanguka, kulikuwa na zahanati ya kampuni na kulikuwa na mtu wa kuulizwa. Baada ya uhuru serikali iliunda INSS kwa amri ya tarehe 29 mwezi wa sita 1961, na aksida za kazi ziliingizwa ndani ya bima hiyo. Mwenye kuandikwa kazi, ambaye tajiri wake alitoa mchango, alikuwa na haki ya matibabu na ya pensheni akilemaa.

Lakini manjanja hayakubaki kwa kampuni. Baada ya uhuru, mwalimu, mchuuzi, mfugaji aliyeuza ng'ombe, kila mmoja alitaka nyumba ya manjanja. Hapo ndipo mambo mawili yaliachana bila mtu kuangalia. Paa la mzungu lilifika kijijini. Bima ya mzungu haikufika. Na kazi ya paa ilitoka kwa majirani, ikaenda kwa fundi wa kulipwa, bila ile sheria ya kasiksi ya kwamba aliyeumia kwako ni wako.

Kazi yenyewe nayo ni nyingine kabisa. Nyumba ya manjanja ni ndefu kwenda juu, na mlimani, ambako mvua ni kali, paa husimamishwa wima zaidi. Njanja ni laini. Likiwa na umande wa asubuhi ya Masisi ni sawa sabuni. Saa sita, jua likiwaka, linaunguza nyayo, na fundi aliyevua viatu ili ashike vizuri anaanza kurukaruka. Mchana upepo unaanza. Njanja moja lililoinuliwa na mtu mmoja ni tanga la mtumbwi, na upepo ukilishika unaenda nalo na mwenyewe. Manjanja ya bei ndogo ni membamba: ukikanyaga katikati, mbali na mstari wa misumari, yanabonyea, na kama mbao ya chini imeoza unapita nalo. Mbao mbichi iliyotoka msituni wiki ileile inajikunja ikikauka na kuachia misumari. Na juu ya yote, fundi anakimbizana na mvua. Mwenye nyumba anaangalia mawingu, anapiga kelele chini, na fundi aliye na misumari mdomoni hana hata nafasi ya kujibu.

Hesabu ya kuanguka ni ya darasa la fizikia tu. Kutoka mita 3 mtu anafika chini kabla sekunde moja haijatimia, akiwa na mwendo wa kilomita 27 hivi kwa saa. Kutoka mita 5 ni kilomita 35. Ni mwendo wa moto ya abiria ndani ya mtaa, na mbele yake ukuta. Ndiyo maana sheria ya Marekani inadai kinga ya kuanguka katika ujenzi kuanzia futi 6, yaani mita 1.8 hivi. Ukingo wa paa la nyumba ya kawaida ya Masisi uko juu zaidi ya hapo, na kwetu nyumba hiyo inaitwa "chini chini tu".

Vita vilifanya manjanja yawe kitu kingine tena. Mapigano ya mwaka 1993, yaliyoanzia Ntoto katika Walikale mwezi wa tatu, yalienea Masisi nzima, na baada yake vilikuja vita vya 1996 na 1998. Njanja likawa mali ya kukimbia nayo. Waporaji waliezua, na wenyewe pia waliezua kabla ya waporaji kufika, wengine usiku, bila taa, kwa haraka ya kuokoa kile kinachobebeka kichwani. Walioanguka siku hizo hawakuandikwa popote, maana nani alihesabu mguu uliovunjika wakati watu wanakufa kwa risasi? Amani kidogo ikirudi, manjanja yaleyale yalipigiliwa tena, yakiwa na matundu ya misumari ya zamani, yamekunjika, na kutu imekula kingo. Fundi anayetembea juu ya manjanja ya mara ya tatu hatembei juu ya paa, anabahatisha.

Kisha tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 Nyiragongo ililipuka na kuchoma sehemu kubwa ya mji wa Goma. Goma ilijengwa upya kwa mbao na manjanja juu ya mawe ya volkano, na baadaye etaji zilianza kupanda. Mbao zilitoka kwetu, Masisi na Walikale. Na vijana wetu walizifuata. Walianza kama ayidi, wakibeba, wakipokeza misumari, wakipanda kwenye eshafodaji ya miti ya mikaratusi iliyopigwa misumari. Wachache walipita katika shule, kwa mfano Don Bosco Ngangi, ambako useremala na uashi vinafundishwa kwa mpango. Wengi walijifunza kwa macho. Baada ya mwaka mmoja ao miwili walirudi kijijini na nyundo yao, wakaitwa fundi. Walichojifunza ni kupigilia haraka. Kamba hawakuiona huko, na nyumbani mkata ngazi aliyekuwa nayo hakuwa mwalimu wao.

Ukimuuliza kijana wa namna hiyo juu ya usalama, jibu analo tayari: "Niko na miaka kumi ku manjanja, sijaanguka ata siku moja." Ao: "Fundi haanguke, ni ayidi ndiye anaangukaka." Kuna kiburi ndani yake, na kuna kanyanga pia wakati mwingine, tuseme ukweli. Lakini kuna kitu kizito zaidi. Fundi akionekana amejifunga kamba, mwenye nyumba anafikiri kwamba hajui kazi, anamwita mwingine. Woga ni bei, na bei inapunguza wateja.

Tufike sasa kwa aliyeanguka. Hapa desturi yetu ilikuwa na akili kuliko tunavyofanya leo. Zamani mgonjwa wa mgongo ao wa mguu alibebwa kwa kipoyi, yaani kitanda cha miti chenye kubebwa mabegani na watu wanne, wakibadilishana njiani. Banyarwanda wanajua ingobyi. Ilikuwa polepole, kilima hadi kilima, lakini mtu alilala amenyooka. Leo tunampandisha moto. Dereva mbele, ndugu nyuma, mgonjwa katikati, kichwa kinacheza, mgongo umekunjwa, na barabara ya Masisi kila mtu anaijua. Mtu aliyevunjika mfupa wa mgongo bila kukata uti anaweza kutoka juu ya paa akiwa bado anachezesha vidole vya miguu, akafika hospitali havichezi tena. Si paa lililomlemaza, ni safari. Waganga wa mifupa wa kijiji wamesaidia watu wengi kwa banzi za mianzi na mikono yenye ujuzi. Ila banzi likifungwa sana damu inakatika na mguu unaoza, na mgongo si kazi ya kukanda kwa maji ya moto.

Hospitali kubwa ya Masisi, ambayo Madaktari Wasio na Mipaka waliiunga mkono kuanzia mwaka 2007, imepokea watu wa kila aina ya majeraha, zaidi sana ya vita. Aliyehitaji upasuaji mkubwa wa mifupa alisukumwa Goma, kilomita 80 hivi. Kule kuna HEAL Africa, iliyoanza mwaka 2000 kwa kazi ya daktari wa mifupa Jo Lusi na mke wake Lyn. Na wanaohitaji mguu wa bandia ao kiti cha magurudumu wanajua Shirika la Umoja. Kutoka Walikale ni mbali zaidi ya mara mbili, kupitia msitu, matope na vizuizi.

Nitoe mfano mmoja, bila majina. Katika kijiji kimoja cha Masisi, kijana ayidi alianguka kutoka kwenye paa la nyumba ya mchuuzi. Mchuuzi alikuwa amepatana na fundi mkubwa kwa forfe, bei moja kwa kazi yote. Fundi ndiye alimleta ayidi. Mchuuzi akasema: mimi nimemlipa fundi. Fundi akasema: nyumba si yangu. Wote wawili walileta kitu kidogo, tena kwa moyo mzuri, siku ya kwanza. Mwezi wa pili mke wa yule kijana alikuwa anauza mbuzi wa mwisho. Mwezi wa nne mgonjwa alirudishwa nyumbani. Hakuna aliyekosa sheria ya kijiji, kwa sababu sheria ya kijiji juu ya kazi ya kulipwa haipo. Hapo ndipo pengo lilipo.

Sheria ya nchi, hiyo ipo. Kanuni ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002 inamdai mwajiri alinde afya na usalama wa wafanyakazi wake, na inataka kamati za usalama na usafi mahali pa kazi. INSS iligeuzwa kuwa CNSS mwaka 2018. Duniani, Shirika la Kimataifa la Kazi lilipitisha mkataba wa usalama katika ujenzi tangu 1937, na mwingine mwaka 1988. Haya yote yanamwona mtu aliyeandikwa. Ayidi wa forfe hajaandikwa popote, hata ndani ya daftari ya fundi wake. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu 684 000 wanaokufa kila mwaka kwa kuanguka, zaidi ya asilimia 80 kati yao katika nchi za mapato madogo na ya kati. Ndani ya hesabu hiyo mna wazee walioteleza na watoto walioanguka mitini. Mafundi wetu, wakiwamo, wamo bila jina la kazi yao.

Majirani zetu wa Kigezi, kusini-magharibi ya Uganda, walifanya jambo ambalo lingetufaa kuliangalia. Wao pia walikuwa na vikundi vya kubeba wagonjwa, engozi, ndugu ya ingobyi yetu. Kila familia ilikuwa mwanachama, ilibeba na ilibebwa. Njia na magari vilipoongezeka vikundi havikufa. Viligeuka kuwa vya kuchangia franga, na mwaka 1996 hospitali ya Kisiizi ilianzisha bima ya afya kwa kuandikisha vikundi hivyohivyo. Hawakuanza na karatasi ya serikali. Walianza na watu wanne wa kipoyi. Kwetu sheria ya mitualite ipo tangu tarehe 8 mwezi wa pili 2017, na likilimba hata watoto wanaijua. Mafundi kumi wa groupement moja, wakichanga kidogo kwa kila paa kabla ya kugawana, wangekuwa na kipoyi chao.

Na kamba? Ya nailoni ya mita 20 inauzwa sokoni kwa bei ya manjanja machache. Ifungwe kwenye mti ao nguzo upande wa pili wa nyumba, ipite juu ya fetiyeri, na iwe fupi kiasi kwamba fundi hawezi kufika ukingoni: hilo ni la lazima, maana kamba ndefu ya kiunoni haizuii kuanguka, inamning'iniza tu mtu na kumvunja mbavu. Eshele iwekwe mguu wake mita 1 mbali na ukuta kwa kila mita 4 za kwenda juu, na kichwa chake kipite ukingo kwa mita 1. Mkata ngazi yeyote wa Walikale angeelewa haya bila kutafsiriwa.

Mwaka 2025 watu wa Masisi walijua tena kukimbia na kurudi. M23 waliingia Masisi mwezi wa kwanza, wakaingia Goma mwishoni mwa mwezi huohuo, na Walikale mwezi wa tatu, wakatoka huko mwanzo wa mwezi wa nne. Kambi za pembeni ya Goma zilibomolewa, na wengi waliokuwa wamekaa miaka chini ya shitingi, ambako hakuna anayeanguka kwa sababu paa lenyewe linafika kifuani, walirudi kwenye kuta zisizo na kitu juu. Basi wanaezeka. Kijijini, mtu anaponunua shamba ao ng'ombe, wazee wanaitwa, masharti yanasemwa mbele yao na mashahidi wanakunywa. Kwa paa, mwenye nyumba na fundi wanapatana wawili tu, wamesimama njiani, na kinachosemwa ni bei na siku ya kumaliza.